Anakaa Eda Tu

Siku ya hitma ya Bi Zuwena nilipanda zile ngazi kwa kupumzika kila ghorofa, nikijisemea moyoni kwamba waliojenga majumba haya ya Maendeleo hapa Wete hawakuwahi kufikiri kwamba wapangaji wao watazeeka. Viatu vilikuwa vimejaa mlangoni hadi kwa jirani. Ndani kulinuka udi na mchuzi wa nazi, na wanawake walikuwa wamekaa bega kwa bega juu ya mikeka ya ukumbini. Nilipata nafasi karibu na mlango wa jiko, pahala nilipopazoea tangu nina miaka kumi na tisa. Sijamaliza hata kushusha pumzi, nikamsikia mtu nyuma yangu akimnong'oneza mwenziwe, "Sasa nyumba hino anaipata nani?" Mwenziwe akajibu, "Ataipata Mwalimu. Si ndiye mtoto wa dada yake?" Mwalimu ni mimi. Nilifumba macho nikaendelea na Yasini, lakini sitasema uongo, akili yangu ilikwishatoka pale mkekani. Lile neno "anaipata" liliniudhi. Miaka yote hii, na watu wa majumba haya bado wanazungumzia nyumba za kupanga kama wanavyozungumzia mnazi wa baba. Bi Zuwena angelikuwa hai angelicheka mpaka akakohoa, kisha angeliwatia chai.

Mwaka ninaoukumbuka nilikuwa nimemaliza skuli, nangoja kuitwa chuo cha ualimu, na mama yangu aliniona nimezidi kukaa barazani kujibizana na watu wazima. Akanipeleka kwa mdogo wake, ndiye Bi Zuwena, niliyemwita Mamdogo. Alikaa ghorofa ya tatu na mumewe, Bwana Kombo, fundi wa mitambo ya umeme, mtu wa maneno machache aliyefua kofia yake mwenyewe kwa sababu hakumwamini mtu. Hawakujaaliwa mtoto. Nyumba ilikuwa na ukumbi, vyumba viwili, roshani na jiko jembamba ambalo wakiingia wawili lazima mmoja atoke kinyumenyume. Maji hayakupanda mpaka juu wakati ule. Tuliyachota mferejini chini na kuyajaza kwenye pipa la bluu lililokaa roshanini pamoja na kuku wawili wa Mamdogo na seredani ya mkaa. Kutoka roshani ile uliona uwanja mzima wa chini ulivyotandikwa majamvi ya karafuu, na mchana wa jua harufu yake ilipanda ikaingia mpaka kwenye mito ya kulalia. Niliipenda nyumba ile siku ya kwanza tu. Nilipenda hasa dirisha la ukumbini, kwa sababu lilikuwa juu kuliko minazi ya jirani, na mimi sikuwahi kuutazama mnazi kichwani.

Katika nyumba ile nilianza kulisikia lile neno lililokuja kutuletea mashaka. Watu wote walisema, "Kombo kapewa nyumba." Kapewa. Hakuna aliyesema kapanga, ijapokuwa alikuwa mpangaji kama wapangaji wengine, analipa kodi kila mwezi, kodi ndogo iliyowekwa na serikali na isiyopandishwa kwa matakwa ya mtu. Kupanga lilikuwa jambo la wale waliokaa vyumba vya uani nyuma ya maduka, ambao mwenye nyumba akiamka vibaya huambiwa wahame kabla ya Ijumaa. Kupewa ilikuwa heshima. Bwana Kombo mwenyewe alilitumia neno hilo, na Mamdogo pia, na mimi nilipowaandikia rafiki zangu niliandika hivyo hivyo. Neno likizoeleka mno watu huacha kuliuliza maana yake, na sisi hatukuliuliza mpaka Bwana Kombo alipofariki.

Alifariki mchana mmoja wa msimu wa karafuu, kazini, baada ya kula. Walimleta nyumbani wamembeba, na zile ngazi ambazo alikuwa akizipanda akipiga mluzi zilikuwa nyembamba kwa watu wanne. Sitaki kueleza zaidi ya hapo. Baada ya mazishi Mamdogo aliingia eda. Alivaa nguo zisizo na pambo, akavua bangili zake, akaingia chumba cha ndani, na mlangoni pakatundikwa pazia zito la maua ya kahawia ili wanaume wasio maharimu wake wasimwone. Miezi minne na siku kumi hakutakiwa kutoka isipokuwa kwa dharura. Nikawa miguu yake. Nilikwenda sokoni, nilichota maji, nilipeleka salamu na kurudisha salamu, na jioni tulikula pamoja nyuma ya pazia, mseto wa choroko na mchuzi wa papa mkavu, katika sahani moja. Hakulia sana mbele yangu. Alikuwa akiacha tonge mkononi likapoa, basi.

Mgeni wetu mkubwa wakati ule alikuwa Ami Faki, ndugu yake marehemu, mkulima wa Mgogoni. Alikuja kila wiki, na kila alipokuja alibeba kitu: shelisheli, mkungu wa ndizi, muhogo uliochimbwa asubuhi ile. Kwa hivyo nashindwa hata leo kumsema kwa ubaya. Alikaa mkekani ukumbini, akaligeukia pazia kwa heshima, akazungumza nalo. "Shemegi, umeamkaje?" Na pazia likajibu, "Alhamdulillahi, shemegi. Watoto hawajambo?" Siku moja nilikuwa jikoni nimekaa juu ya mbuzi nakuna nazi, naye akateremsha sauti, mimi nikaacha kukuna ili nisikie. Mara Mamdogo akaita kutoka ndani, "Mbona nazi imenyamaza?" Nikaanza tena kukuna, taratibu, kwa namna ambayo sikio linafanya kazi yake na mkono wake.

"Mie naona, shemegi," alisema Ami Faki, "weye ungekwenda ukakaa eda kwenu Kiuyu. Kuno juu uko na huyu mwana mmoja tu, maji ya kupandisha, watu mbali. Kule kwa kaka yako kuna wanawake watele, watakutizama. Hino nyumba mie ntaitia kufuli nikutunzie."

Nani angeona ubaya wa maneno hayo? Mjomba Hamad, kaka yake Mamdogo, alikwishakubali. Majirani walisema shemegi wa namna hii hapatikani siku hizi. Ikapangwa gari ije Ijumaa baada ya sala. Mamdogo alijibu kwamba sawa, atafikiri, na usiku ule hakula kitu. Nilipomuuliza alisema jambo ambalo nimelibeba mpaka leo. "Kwa kaka mie ntakuwa mgeni asiyeaga. Mwezi wa kwanza watanipa kitanda, mwezi wa pili watanipa jamvi, na mwezi wa tatu mke wa kaka ataanza kuuliza ndizi zinakwishaje." Hakuwa na nyumba nyingine popote. Alipata kuwa binti wa mtu Kiuyu na mke wa mtu Wete, na kati ya hayo mawili hakukuwa na mlango uliokuwa wake.

Kabla ya Ijumaa ile nilitumwa kwenye ofisi ya nyumba kulipa kodi na kutoa taarifa ya msiba. Nilimkuta karani mmoja mwanamke, mjamzito, anakula embe bichi kwa chumvi na pilipili, na macho yake hayakutoka kwenye lile embe mpaka nilipomwambia kwamba mjane atahamia Kiuyu keshokutwa na nyumba itafungwa.

"Kamwambia nani ahame?"

"Shemegi yake. Kwa wema tu."

Aliliweka embe chini. "Sikiliza, mdogo wangu. Marehemu hakuimiliki nyumba ile. Alikuwa mpangaji. Mpangaji ana haki zake. Hatolewi bila ya sababu, hatolewi bila ya kupewa taarifa na muda, na kodi yake haipandi kwa sababu mtu kaitamani. Akifa, aliyekuwa akikaa naye anaendelea pale pale kwa kodi ile ile, tutabadilisha jina tu. Lakini lazima awe yumo. Akiondoka, mlango ukatiwa kufuli, sisi tutahesabu kwamba nyumba haina mkaazi, na atapewa mwengine aliyeomba." Akachovya embe kwenye chumvi. "Na pengine huyo mwenye kufuli ndiye atakayekuwa wa kwanza kuomba."

Nilirudi mbio, nikapanda ngazi bila kupumzika, ulikuwa umri wa mambo hayo. Mamdogo alikuwa akikunja kanga zake kuziweka ndani ya bweta. Nikamweleza yote kwa pumzi moja, kisha akanifanya niyarudie polepole, na pale penye "hatolewi bila ya sababu" akanitaka nirudie mara nyingine tena. Akaunyoosha mkunjo wa kanga kwa kiganja.

"Kwa hivyo kazi yangu ni kukaa."

"Ndiyo, Mamdogo. Ukae tu."

"Basi dini imenambia nikae, na serikali imenambia nikae. Kaka na shemegi peke yao ndio walionambia nende." Akaanza kuzitoa kanga ndani ya bweta, moja moja, akizipanga kitandani. "Mie sendi popote."

Ijumaa gari ilipiga honi chini. Nilitumwa mimi kushuka na jawabu, na nililitoa kwa raha kubwa mno: Mamdogo anawasalimu, na anasema eda hukaliwa pale mume alipokuacha. Mjomba Hamad alijikuna ndevu. Lile halikuwa neno la kubishana nalo mchana wa Ijumaa mbele za watu, akarudi Kiuyu na gari tupu. Wiki iliyofuata Ami Faki alikuja na shelisheli lake kama kawaida, nikalichemsha, akala, akashukuru, akaondoka. Mamdogo alidhani yamekwisha. Mimi sikudhani hivyo, lakini wakati ule nilikuwa na tabia ya kumdhania kila mtu vibaya, kwa hiyo hakuna aliyenisikiliza.

Walikuja asubuhi moja watatu: afisa wa nyumba, mtu mkavu aliyesema Kiswahili cha ofisini, Mzee Shaame, sheha wa mtaa wetu, aliyewajua watu wa majumba yale mpaka kuku wao, na Ami Faki amevaa kanzu safi. Nilitandika mkeka, nikatia chai ya mchaichai na mikate ya mofa iliyokuwa bado ya moto. Mamdogo alikuwa nyuma ya pazia lake. Afisa alionja chai, akasema, "Tumepata taarifa kuwa mpangaji wa nyumba hii amefariki na hakuna mkaazi. Nani anakaa hapa?"

"Aliyekuwa akikaa ni ndugu yangu, Mungu amrehemu," Ami Faki akajibu. "Sasa hakuna mtu."

Upepo ulivuma kutoka roshanini, pazia likajitikisa, na nyuma yake mtu akakohoa. Afisa akalitazama. "Na huyo?"

"Huyo ni shemegi yangu, mkewe marehemu. Hakai hapa. Anakaa eda tu."

Mzee Shaame aliteremsha kikombe chake. Afisa aliinamisha kichwa kidogo. "Sijakufahamu. Anakaa eda wapi?"

"Hapa."

"Basi anakaa hapa."

"La, bwana, unanifahamu vibaya," alisema Ami Faki, na nilimwona kwamba anasema kwa dhati ya moyo wake, hataki kumdanganya mtu. "Anakaa eda. Ikisha eda atakwenda kwao."

Ndipo Mamdogo aliposema. Hakupaza sauti. "Shemegi, mie nimekaa humu na Kombo tangu kuta hizi zinanuka chokaa. Eda imenikuta humu humu nilimokuwa nikikaa. Ikisha, hino eda itaondoka. Mie ntabaki nakaa. Muulizeni sheha."

Mzee Shaame alicheka, akaona haya kucheka mbele ya mfiwa, akajifanya anakohoa. Akathibitisha kwamba mama yule ni mkaazi wake tangu majumba kufunguliwa, na hajapata kulala nje. Afisa hakucheka. Alisema mkaazi yupo, ataandika jina lake, na kama kuna mtu ana shida ya nyumba afike ofisini aombe kama wanavyoomba wengine. Ami Faki alibaki na kipande cha mofa mkononi. "Lakini Kombo si alipewa?" aliuliza, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyepotea njia kijijini kwake mwenyewe.

"Alipewa kukaa, mzee," afisa akasema. "Nyumba hakupewa."

Nilimsindikiza Ami Faki hadi chini, si kwa adabu, nilitaka kuhakikisha kwamba anaondoka. Kwenye ngazi ya mwisho alisimama, akaniambia bila mimi kumuuliza kwamba ana mtoto wa kike, Raya, mwepesi wa kusoma kuliko kaka zake wote, na skuli aliyofaulu kuingia ni ya hapa Wete. Kila siku anatoka Mgogoni kwa miguu kabla ya jua, na akifika anasinzia. Alikuwa na yakini kabisa, alisema, kwamba nyumba ya ndugu yake ni mirathi, na kwamba mjane angepata fungu lake na yeye lake, na fungu lake angempa Raya. Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa na nilikuwa nimeshinda. Nilipanda juu nikamsimulia Mamdogo kwa dharau, nikimwigiza Ami Faki sauti yake, na nikashangaa yeye hakucheka.

Eda ilipokwisha alioga, akavaa kanga mpya, akatoka kwenye roshani akasimama pale muda mrefu akitazama uwanja. Karafuu zilikwishaanuliwa, palibaki watoto na mpira wao. Kisha akanituma Mgogoni. "Mwambie shemegi amlete mwana. Lakini aje akae. Sitaki wa kuja kulala, kesho akiudhika akarudi kwao." Nilibisha sana. Nilimwambia watu wa namna ile ukiwapa chumba watataka jiko. Akanitazama kwa huruma, nikaona kwamba anayehurumiwa ni mimi. Raya alifika na bweta dogo na jogoo, akapewa chumba changu, kwa sababu barua ya chuo ilikuwa imefika na mimi nilikuwa naondoka. Basi mwaka wangu katika nyumba ile uliishia hivyo, nikimwonesha mtoto wa watu namna ya kuzuia mlango wa roshani usigonge.

Nimefundisha skuli nyingi tangu hapo, na nimekaa vyumba vingi vya kupanga. Nimewaona walimu wenzangu wakihamishwa na wenye nyumba kwa neno la mlangoni tu, wakifunga virago usiku ule ule kwa kudhani kwamba mpangaji hana la kusema. Nimewachosha kwa kisa cha Mamdogo. Nawaambia waulize, waende wakaulize, hata kama karani anakula embe. Raya kwa upande wake alisoma, akaolewa, akaachika, akarudi na bweta lile lile, na tangu hapo hakutoka. Hushona sare za skuli kwa cherehani iliyo chini ya dirisha ninalolipenda. Mamdogo alipopofuka, Raya ndiye aliyemwogesha, ndiye aliyemlisha, ndiye aliyemshika mkono kwenda roshanini asikilize mpira wa watoto. Mimi nilikuja siku za sikukuu, na halua.

Siku ile ya hitma, baada ya kisomo, Raya alininong'oneza jikoni, "Mwalimu, watu wakisha kutawanyika mie nami nnakwenda Mgogoni. Vyombo nshafunga." Nikamuuliza kwa nini. Akasema yeye si damu ya Bi Zuwena, hana fungu. Nilitaka kumjibu, wanawake wakaingia kuchukua sahani. Kesho yake, tukiwa bado tunarudisha mikeka ya watu, mwanawe Mjomba Hamad alinivuta kando roshanini. Afisa wa nyumba anakuja, kasikia msiba. "Useme unakaa weye," aliniambia. "Nyumba ni ya upande wetu. Ukimwachia mtoto wa Faki, utakuwa umewapa kile kile walichokitaka." Sitajifanya mtakatifu. Nyumba yangu ya Wawi inavuja, hospitali iko mbali, na dirisha lile bado liko juu kuliko minazi. Niliitamani. Niliitamani kiasi cha kujiona tayari nimekaa pale na kikombe changu.

Afisa alikuwa kijana, ana simu mkononi anayoandikia kila kitu, anakula herufi zake kwa haraka. Alipewa chai. Mtoto wa mjomba alikaa karibu yangu akinigusa kwa kiwiko. Jikoni Raya alikuwa akikuna nazi, kazi ya kuficha uso, na bweta lake nililiona nyuma ya mlango limefungwa kamba.

"Poleni na msiba," kijana akasema. "Nataka kujua jambo moja tu. Nani anakaa hapa?"

Jikoni nazi ikanyamaza.

"Raya," nikaita, "acha nazi hio. Njoo ukae."